Futari ya Bata

Walisikika kwanza. Nyuma ya jiko, kule kwenye migomba, midomo ya bata ilikuwa ikichapa kitu cha majimaji, chap, chap, chap, na mabawa yakipigana kugombea. Mwanawema akasitisha kikombe cha uji njiani. Adhana ya magharibi ilikuwa imeshapita, wanaume wote wamo barazani na masinia yao, na bata wake alikwisha kuwapa makapi ya nazi tangu alasiri.

"Wamo kwenye majimbi yangu hao," alisema Bi Mwatum, mama mkwe wake, aliyekaa mkekani na kokwa ya tende bado imo shavuni. "Nenda kawatoe, mwanangu, wasije wakatuachia mashina."

Mwanawema akawasha tochi ya simu, akazunguka jiko. Chini ya mgomba wa mwisho, pale kinjia kitokacho barazani kinapoingia uani kwao, bata walikuwa wamefanya duara. Akamulika katikati. Aliona muhogo mweupe wenye tui zito. Aliona mikono ya pweza ambaye mchana ule alimpiga kwa mchi mpaka mabega yakamuuma. Aliona tambi, zabibu bado zimeshikamana nazo. Akainama, akagusa. Muhogo ulikuwa wa moto.

Alikuwa bado ameinama aliposikia mumewe anapiga hodi mlango wa mbele.

Nyange aliingia na sinia kwapani, safi, limesuuzwa, kawa mkononi. Alikuwa mkulima wa makamo, mkubwa wa mifupa, na Ramadhani hii mifupa hiyo ilikuwa imeanza kuonekana.

"Wamekula?" Mwanawema aliuliza. Alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, anafuta vidole kwenye kanga.

"Wamekula! Wamegombania. Soud kafuta sinia kwa kidole."

"Na pweza?"

"Pweza ndiyo usiseme. Walikuwa wanamtazama utadhani bibi harusi."

Bi Mwatum akacheka kicheko chake cha mapengo. "Babake Soud naye alikuwa hivyo hivyo. Ukimweka mbele ya pweza, hamjui hata mamake."

Mwanawema hakucheka. Alilipokea sinia, lile la maua mekundu alilopewa na mama yake siku ya harusi, akaliegemeza ukutani. Binti yao Khairat alimkaribisha babake ale pamoja nao kidogo. Nyange akajishika tumbo.

"Nimeshiba, mwanangu. Watu wa barazani wamenijaza."

*

Siku ya pili Mwanawema alipika kama kawaida. Alikuna nazi, akachuja tui, akamenya muhogo. Alipofika kwenye kopo la chumvi, alilitazama, kisha akalifunga. Hakutia hata chembe. Alipakua sinia, akalifunika kawa, akampa mumewe kabla ya jua kuchwa, naye akatoka nalo kichwani kama mtu aendaye kwenye heri.

Walipofuturu wao wanawake, Bi Mwatum alitafuna tonge la kwanza, akatulia, akatafuna la pili.

"Mwanawema."

"Naam, mama."

"Kwani Kengeja nzima imeishiwa chumvi, au mwenzangu umenichoka unataka nife na bahari iko hapo?"

"Nisamehe, mama. Nilisahau."

Khairat akaenda kuleta kopo. Na wote walikuwa wameshamaliza Nyange aliporudi na sinia lake safi kwapani.

"Leo je?"

"Leo walikula kuliko jana."

"Chumvi ilikaa?"

"Barabara! Soud kasema, mkono wa Mwanawema haukosei chumvi."

Mwanawema akachukua kipande cha muhogo kutoka chunguni, akamsogezea mdomoni. "Onja."

"Nimeshiba, mke wangu."

"Onja, Nyange."

Akaonja. Alitafuna polepole, na kadiri alivyotafuna ndivyo uso wake ulivyoanguka. Alimeza kwa shida. Akakaa chini, sinia bado limo kwapani, kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi.

"Tangu lini?" Mwanawema alimwuliza.

"Tangu siku ya kwanza ya Ramadhani."

"Kila siku?"

Kule uani, chap, chap, chap.

*

Kijijini kwao, kwenye vilima vya juu ya Kengeja, hakuna mwanamume anayekula futari yake mwenyewe. Kila mmoja huleta sinia barazani, karibu na msikiti, huliweka katikati, kisha mkono wake huenda kwa mwenzake na mkono wa mwenzake huja kwake. Kula cha kwako ni uchoyo. Mtoto hufundishwa hilo kabla hajafundishwa kufunga. Ndiyo maana siku ile ya kwanza, watu walipotoka kusali magharibi wakakaa, na mikono yote ikapita juu ya sinia la Nyange kama ndege wanaoruka shimo, Nyange alibaki ameganda. Asingeweza kula chake. Na alipounyoosha mkono kwa sinia la jirani, jirani akalivuta kidogo. Kidogo tu, kama mtu anayelitoa juani.

"Mzee Nyange," alisema kijana Jabir, "huyo pweza kashasomewa khitma au bado?"

Wakacheka. Jabir akalisukuma sinia kando kwa kidole cha mguu. Kwa kidole cha mguu! Chakula cha mtu aliyefunga, kilichopikwa na mwanamke aliyefunga.

Kosa la nyumba ile lilikuwa dufu. Babu yake Nyange alikuja kutoka bara kuchuma karafuu, akaja nalo mgongoni, ubao wa duara uliowambwa ngozi ya mbuzi. Akasilimisha watu, akaoa, akazikwa papa hapa. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa walisimama uani safu kwa safu, wakimtaja Mungu kwa sauti ya kifua, na dufu likiwaongoza. Enzi hizo uani hapatoshi. Wazee wakafa, vijana wakaona haya, na mwishowe wakabaki Nyange na mama yake, na wale wachache waliokuja na kuketi gizani.

Kisha akarudi Shehe Haidar. Alikuwa mtoto wa pale pale, hata miaka thelathini hajatimiza, amesoma mbali, ana sauti nzuri na moyo wa kazi. Bomba la msikiti lililokufa miaka mingi alilitengeneza kwa mikono yake. Katika darsa moja alisema dhikri ya dufu ni uzushi, na chakula cha khitma za watu wa namna hiyo kisiliwe. Alisema khitma. Wasikilizaji walipofika majumbani, khitma ilikuwa imeshadondoka njiani, na kilichofika ni kwamba chakula cha kwa Nyange hakiliwi. Shehe aliambiwa jinsi watu walivyomwelewa. Hakuwasahihisha. Waliomfuata walikuwa wengi, na wingi ni kitu kitamu.

Basi dukani Nyange akawa anahudumiwa wa mwisho hata akifika wa kwanza. Khairat alirudishiwa chanuo na mwenzake wa chuo cha Kurani, limefungwa kwenye mfuko, halikuguswa. Muhogo wao, ambao Ramadhani zote ulikuwa ukinunuliwa shambani kabla haujang'olewa, ulikosa mtu. Nyange akawa anaupakia kwenye gari la abiria mpaka Chake Chake, nauli inakula nusu ya faida, na huko Madungu akina mama wakiugombania na kumwombea dua. Kijijini najisi, mjini asali. Muhogo ule ule, udongo ule ule.

Ila hayo yote aliyabeba. Kilichomshinda ni sinia. Hakuweza kurudi nalo limejaa na kumtazama Mwanawema usoni. Kwa hiyo alipita njia ya migombani.

*

Soud alikuja alasiri moja, kwa mlango wa nyuma. Alikuwa rafiki wa Nyange tangu utoto. Walitahiriwa kumbi moja, walichezea mpira mmoja wa matambara.

"Asalaam alaykum."

"Waalaykumu salaam," aliitika Bi Mwatum kabla ya wengine. "Nani huyo anayeingia kama paka? Soud? Karibu, mwanangu. Siku hizi nyumba yetu imegeuka? Mlango wa mbele ndio huu wa nyuma?"

Soud akaona haya. Alikaa ukingoni mwa mkeka, nusu ndani, nusu nje.

"Miye sikuja kugombana, Bi Mwatum. Nimekuja na kheri. Nimezungumza na Shehe Haidar. Kasema yeye hana chuki na mtu. Nyange alete lile dufu barazani, alikabidhi mbele ya watu, aseme kaacha. Basi. Siku hiyo hiyo sinia lake litaliwa. Yaishe, yakhe. Idd inakuja."

"Weye unaona chakula changu haramu?" Nyange alimwuliza.

"Miye? Toba! Miye nimekulia chakula cha nyumba hii."

"Basi mbona huli?"

Soud alichezea ukindu wa mkeka. "Nikinyoosha mkono miye, wataniona miye. Kila mtu pale anautazama mkono wa mwenziwe. Na huyo mwenziwe anautazama wake. Unadhani pweza wa Mwanawema hatumtamani? Wallahi siku ile nilimeza mate mpaka nikaogopa funga ya kesho."

"Na hayo nayo mwambie Shehe," alisema Bi Mwatum. "Mwambie na kwamba babako alikuwa akisimama uani hapa kuliani kwa mume wangu, akimtaja Mungu mpaka kofia inaanguka. Anakumbukwa kwa kheri au chakula chake nacho hakiliwi?"

"Bi Mwatum, nyakati zimebadilika."

"Maneno hayajabadilika. La ilaha illa Allah. Wao juu ya mnara wanasema nini kingine?"

Bi Mwatum akageuza uso upande wa ukuta, ambako dufu lilikuwa limetundikwa.

"Miye sina kubwa," alisema taratibu. "Mume wangu alitoka mlango huu na dhikri, jeneza likienda na dufu likienda. Baba mkwe wangu kadhalika. Na miye siku yangu nataka nitoke nalo. Sitaki kutoka bubu. Hilo tu. Lakini dufu si langu, ni lake Nyange. Aliachiwa yeye."

Soud alipoondoka, kwa mlango ule ule wa nyuma, Nyange alimtazama mkewe. Mwanawema alikuwa kashika mwiko, haupeleki chunguni wala hauweki chini.

"Mpe," alisema.

"Mwanawema!"

"Mpe, Nyange. Ngozi ya mbuzi na ubao. Miye nimechoka kupikia bata. Nimechoka kuitikiwa salamu kwa ncha ya ulimi pale kisimani. Na huyu Khairat atakuja kuposwa na nani, na migomba?" Akauweka mwiko chini. "Nataka kula na watu. Ni dhambi?"

Bi Mwatum alisikia yote. Alikuwa akihesabu uradi wake, na midomo ikienda bila sauti.

*

Nyange alilifunga dufu kwenye kanga ya mkewe, akatoka nalo mkono mmoja, sinia kichwani. Mwanawema siku hiyo alipika kama anayepika harusi.

Barazani walimpisha. Shehe Haidar alisimama, akampa mkono, akasema maneno mazuri juu ya kurejea na kusameheana. "Ndugu yetu karudi," alisema, na wengine wakaitikia. Nyange alitaka kuuliza amerudi kutoka wapi, maana tangu azaliwe hajasali msikiti mwingine. Lakini alikuwa na njaa. Si njaa ya tumbo tu, njaa ile nyingine. Akaifungua kanga.

"Sema, ndugu yangu. Wakusikie."

"Nimeacha," alisema Nyange.

"Hajasikika!" Jabir alipaza sauti kutoka nyuma. "Dini ya bara hiyo, iagwe vizuri!"

"Nimeacha."

Jabir alikuwa na kisu alichokuwa akikatia shelisheli. Alilipokea dufu, akaipigapiga ngozi kwa kidole, ikalia mara moja, sauti nene, ya kifuani, sauti waliyoijua wote tangu wakiwa mgongoni kwa mama zao. Wazee wawili watatu walitazama chini. Kisha Jabir akatia kisu, akaipasua kwa umbo la msalaba, ngozi ikachanika kwa mlio wa nguo mpya.

Shehe Haidar aliunyoosha mkono kama anayetaka kuzuia. Hakuwa ameagiza hilo. Lakini aliona watu wanautazama mkono wake, na mkono ukapanda juu, ukaweka kofia sawa.

Adhana ikaadhiniwa. Wakafungua kwa tende, wakasali, wakatoka, wakakaa. Sinia la maua mekundu lilikuwa katikati. Hakuna aliyeligusa mpaka Shehe alipochukua kipande cha muhogo akala. Baada ya hapo mikono ikashuka yote kwa pamoja. Walikula haraka, bila kusema, kama watu wanaomaliza kazi kabla ya mvua. Soud alikula pweza. Alikula ameinamisha kichwa, na hakumtazama rafiki yake hata mara moja.

"Mkono wa Mwanawema," alisema mtu, "haukosei chumvi."

Yalikuwa maneno yale yale aliyoyazua Nyange mwenyewe. Alichukua tonge kutoka sinia la jirani, na jirani safari hii hakulivuta. Akalitia mdomoni. Lilikaa pale, halishuki. Alipoinuka kwenda zake, ubao wa dufu ulikuwa umeachwa kwenye ngazi ya baraza, ngozi imening'inia vipande vinne. Akauokota.

*

Alipita njia ya migombani kwa mazoea tu. Bata walimfuata mpaka mlangoni, wakaona hapana kitu, wakarudi.

Mwanawema alilipokea sinia na papo hapo akajua. Halikusuuzwa. Lilikuwa na mafuta, na michirizi ya vidole vya watu, vidole vingi, vinene na vyembamba. Alipitisha chake juu ya michirizi hiyo. Tabasamu lilimjia, la mwanamke aliyepikia watu wakala. Kisha akauona ubao mkononi mwa mumewe, na tabasamu likabaki pale usoni bila mwenyewe.

"Walilichana?"

"Walilichana."

"Na weye ulikaa?"

"Nilikaa."

Bi Mwatum alikuwa mahali pake mkekani. Mbele yake sahani yake ilikuwa imefunikwa kawa. Nyange akalifunua. Muhogo, pweza, tambi, vyote vimejaa kama vilivyopakuliwa, tui limeshaganda pembeni. Karibu yake kikombe cha maji, nusu.

"Bibi kafungua kwa maji tu," alisema Khairat. "Nimembembeleza, hataki."

"Mama, hujala."

"Nimeshiba, mwanangu."

"Umeshiba nini, na umefunga mchana kutwa?"

"Nimeshiba kama ulivyokuwa ukishiba weye."

Nyange akaliweka kawa chini.

"Miye macho ndiyo yaliyopungua," alisema Bi Mwatum. "Masikio Mungu kaniachia. Bata wanakula kwa furaha vile kila siku ya Mungu, majimbi nilikuwa nikiyataja kwa mdomo tu. Nilijua tangu siku ya kwanza. Na nilikuwa nikila, nashiba, nalala. Nikisema, mwanangu anaona haya, si kitu, haya si ugonjwa. Anapita migombani, lakini anarudi na dufu liko ukutani." Alinyoosha mkono hewani. "Nipe."

Akampa ubao. Vidole vya bibi kizee vilizunguka duara yote, vikafika kwenye ngozi, vikashika vipande vinne, kimoja kimoja, vikijaribu kuvikutanisha katikati. Havikukutana.

"Basi nitatoka bubu," alisema.

Hakulia. Aliulaza ubao juu ya mapaja yake kama mtu anayepakata mtoto wa mwenziwe, kisha akaanza kulitaja jina la Mungu kwa kifua, bila dufu, pumzi moja baada ya moja, pumzi fupi za mtu ambaye hajala. Mwanawema alikaa chini karibu yake. Ndiye aliyesema mpe, na hakujua mikono yake aitie wapi. Akaitia juu ya mguu wa mkwewe.

"Mama, nisamehe."

"Hukukosa, mwanangu. Ulitaka watu. Nani hataki watu?"

Nyange akapiga magoti mkekani. Aliichukua sahani, akamega muhogo, akaushika mbele ya mdomo wa mama yake.

"Kula, mama, nikwambie neno. Nakuahidi mbele ya mke wangu na binti yangu, na Mungu anasikia. Kesho nitapeleka sinia barazani. Nitawaambia nililolisema leo nimelirudisha. Wasipokula, sitapita tena migombani. Nitarudi nalo limejaa, njia kubwa, mbele ya msikiti, kawa nimelivua, waone tui na waone pweza, na tutakula hapa, sote, na weye. Idd nikichinja, ngozi ya mbuzi nitaiwamba kwenye ubao huu kwa mikono yangu. Na siku yako ikifika, mama, hutatoka bubu. Hata asipotokea mtu wa kushika jeneza, hata Soud asipotokea, nitakubeba mgongoni kama ulivyonibeba, na dufu nitalipiga mwenyewe."